Kilomita Sita Zilizopotea

Jumapili, 29 Septemba 2024

Mwalimu Rose wa fizikia ametaka kila mwanafunzi wa kidato cha tatu awe na daftari la kuandika anachokiona. "Ulichokiona, si ulichodhani," alisema, akarudia mara mbili. Naanza na hili.

Baba mkubwa Zadok yupo kwetu Butimba tangu juzi. Ametoka Utegi na matairi mawili mapya juu ya basi, zawadi kwa Baba. Gari letu ni kuukuu, la kijivu, la kupandia milima. Baba ni daktari wa mifugo, na kila Jumanne na Ijumaa huvuka nalo kwa kivuko kwenda vijiji vya Sengerema kuchanja ng'ombe. Matairi ya nyuma yalikuwa yamekwisha kabisa. Baba mkubwa aliyawekea mikono yale mapya, akaomba sala ndefu, kisha Masele, dereva wetu, akaambiwa ayafunge.

Masele hakufunga mara moja. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, akatazama la mbele, akarudi kulitazama jipya.

"Kuna nini?" Baba akauliza.

"Hakuna, bosi. Matairi mazuri."

"Basi funga. Zawadi ya mkubwa haipimwi."

Masele alimeza kitu alichotaka kusema. Nadhani ni wivu. (Hilo nimelidhani, sikuliona.)

Jumanne, 1 Oktoba

Joto. Mvua bado. Mtihani wa kemia. Baba hakuvuka leo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tangu kidato cha kwanza kazi yangu ni kusoma namba za kilomita gari linaporudi na kuziandika kwenye daftari la gari. Ndiyo maana Masele huniita karani. Safari ya Sengerema, kwenda na kurudi, ni kilomita mia moja arobaini na nne. Kwenye kivuko magurudumu hayazunguki, kwa hiyo haiongezeki wala haipungui. Nina kurasa nzima za mia moja arobaini na nne.

Leo nimepata mia moja thelathini na nane.

"Anko Masele, shikamoo. Mmepita njia nyingine?"

"Marahaba, karani. Njia ni ileile."

"Zimepungua kilomita sita."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Labda barabara imejikunja," akasema, akaenda kunawa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mia moja thelathini na nane tena.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimelifikiria hilo kwenye kipindi cha hesabu mpaka mwalimu akaniita mara mbili. Mtu anayeweza kupunguza kilomita sita kwenye gari anaweza kupunguza sitini. Kwa nini mtu apunguze? Ili kuficha safari. Safari gani?

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha upande wa ng'ambo. Baba amerudi ametapakaa tope hadi magotini, amekasirika. Walipofika kwenye tope Masele aliingiza fowili, ile gia ya pembeni inayofanya magurudumu yote manne yavute pamoja, na gari likapita vizuri. Lakini walipotoka kwenye tope na kushika barabara ngumu ya changarawe, gari likaanza kujikaza kama ng'ombe anayekataa kuingia josho. Usukani ukawa mzito. Chini kukasikika mlio, kwa! kwa! Na gia ya fowili ikagoma kutoka.

"Imetokaje?" nikauliza.

"Masele alirudi nyuma hatua kumi hivi, ikaachia yenyewe," Baba akasema. "Alijuaje kwamba ukirudi nyuma inaachia?"

Hilo swali aliliuliza mezani, hakuniuliza mimi. Lakini nimeliandika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ijumaa jioni kabla Sabato haijaingia, funguo hubaki kwa Masele. Yeye si Msabato kama sisi, na Jumamosi huja kuosha gari tukiwa kanisani. Kanisa letu ni la kutembea kwa miguu, gari halisogei.

Jana jioni nilisoma namba. Leo saa tisa tuliporudi nimezisoma tena kupitia kioo. Zimeongezeka thelathini na moja.

Gari lilikuwa safi, linang'aa, limeegeshwa mahali pale pale.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Mama alinituma dukani, nikapita nyuma ya chuo cha ualimu. Kwenye uwanja mkavu nililiona gari letu. Masele alikuwa peke yake. Aliliendesha moja kwa moja kama mita hamsini, polepole, akasimama, akashuka, akalala chini kutazama uvunguni. Akaingia, akazunguka duara. Akashuka tena. Nilijificha nyuma ya mti kama mwizi, ingawa mwizi hakuwa mimi.

Jioni Baba alimuuliza gari lilikwenda wapi.

"Kujaza upepo, bosi."

Hakusema uwanja. Niliinamisha uso kwenye uji.

Ijumaa, 18 Oktoba

138.

Jumamosi, 19 Oktoba

Thelathini na moja tena.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo nimefanya jambo na sijui kama nimelifanya.

Baba alikuwa akiongea kwa simu na rafiki yake, akilalamika kuhusu fowili. Nilimsikia yule mtu, sauti yake ilivuja nje: "Otuoma, hapo umebadilishiwa difu! Difu zima limeuzwa, ukafungiwa bovu. Chunguza dereva wako." Difu ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu, lenye gia ndani, linalopokea nguvu ya injini kupitia propela, ile fimbo ndefu ya chuma inayozunguka, na kuigawa kulia na kushoto. La mbele lisipolingana na la nyuma, fowili inajikaza.

Baba aliketi muda mrefu ameshika simu iliyozimika.

Sikuweza kumwambia. Nikifungua kinywa mbele ya Baba kuhusu mtu mzima, maneno yananikauka. Kwa hiyo nilileta daftari mezani, nikaliacha wazi kwenye kurasa za Jumamosi mbili, nikaenda kufua soksi. Niliporudi lilikuwa limefungwa, na kalamu yangu imewekwa juu yake kwa unyoofu sana.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Masele alinisalimia kama kawaida: "Karani, hujambo?" Nikamjibu huku nikitazama viatu vyake. Vina tope la rangi nyekundu. Tope la wapi?

Jumamosi, 26 Oktoba

Sikwenda kanisani. Hakuna aliyekwenda.

Jana Baba na Masele hawakurudi. Jua lilizama, Sabato ikaingia, Mama akaimba wimbo wa kuikaribisha peke yake mlangoni. Walifika leo asubuhi, saa mbili, Baba akiwa amebeba boksi la chanjo. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka. Chanjo za ng'ombe wa kijiji kizima zimeharibika.

Hawakuingia ndani. Walisemezana uwanjani, na mimi nilikuwa dirishani.

"Difu langu liko wapi, Masele?"

"Difu lako liko hapo chini, bosi, lilipokuwa tangu unanunua gari."

"Propela ya mbele imevunjika yenyewe?"

"Imevunjika kwa sababu fowili ilikuwa imejikaza tukiwa kwenye mwamba. Nilikuomba turudi nyuma kidogo iachie."

"Ulitaka turudi nyuma, kivuko kinatuacha, jua linazama!"

"Ndiyo. Ukasema, endesha. Nikaendesha."

"Usinifundishe." Baba alishusha boksi chini taratibu, na huo upole ndio ulionitisha. "Jumamosi ya tarehe kumi na mbili gari lilikwenda wapi? Na ya kumi na tisa? Kilomita thelathini na moja. Thelathini na moja. Zimeandikwa."

Masele hakumtazama Baba. Aligeuka taratibu akatazama dirishani, moja kwa moja, kama mtu aliyejua tangu mwanzo mahali pa kutazama.

"Igoma," akasema. "Gereji ya Luhende."

"Kufanya nini?"

Nilihesabu pumzi zangu mpaka tisa.

"Jumapili ya tarehe kumi Novemba kaka atakuwa hapa," Baba akasema. "Siku hiyo uje na difu langu. Usipokuja nalo, Jumatatu tutakutana polisi. Lete funguo."

Masele aliziweka juu ya boneti, akachukua chupa yake ya chai na kofia, akatoka. Alifunga geti vizuri. Wezi hufunga geti vizuri? Nimeandika swali hili na sijui jibu.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Gari limekaa. Kuku wanalala chini yake.

Jumamosi, 2 Novemba

Kanisani somo lilihusu ushuhuda wa uongo. Nilikuwa nimekaa karibu na Mama, na nilihisi ananitazama.

Njiani akasema, "Miaka sita Masele ameendesha gari lile. Mdogo wako alipopata degedege ni nani alimpeleka hospitali amevaa kandambili moja?"

"Lakini Mama, kilomita."

"Kilomita zinajua kusema?"

Jumapili, 3 Novemba

Ndiyo, Mama, zinajua kusema. Nimezisikia leo.

Niliketi na daftari nikitaka kuandika kila kosa la Masele kwa mpangilio, ili nijiridhishe. Safu ya kwanza: kilomita sita zilizopotea kila safari. Safu ya pili: kilomita thelathini na moja za Jumamosi. Nilipoziweka pamoja zikakataana. Mtu anayejua kupunguza kilomita ili afiche safari, kwa nini hakuzipunguza zile za Jumamosi? Aliziacha wazi kwenye kioo, mtoto wa shule akazisoma.

Kwa hiyo hakupunguza yeye. Basi nani?

Nikarudi nyuma kwenye daftari la gari. Mia moja arobaini na nne ya mwisho ni Ijumaa, 27 Septemba. Mia moja thelathini na nane ya kwanza ni 4 Oktoba. Katikati yake kuna Jumapili moja, na Jumapili hiyo nimeiandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Matairi.

Mita ya gari haipimi barabara. Inahesabu mizunguko ya magurudumu ya nyuma. Tairi likiwa kubwa zaidi, linazunguka mara chache kwa barabara ileile, na mita inadhani umetembea kidogo.

Nilitoka mbio bila viatu. Nilichukua chaki na futi ya kamba ya Mama, ile ya kupimia nguo. Nikamwomba Mama aingie ndani ya gari ashike breki, kwa sababu uwanja wetu una mteremko kidogo.

"Mimi? Mimi sijawahi hata kukaa upande ule!"

"Kanyaga cha katikati tu, Mama. Nikisema acha, uachie kidogo."

Nilichora alama ya chaki chini kabisa ya tairi la mbele, na nyingine chini kabisa ya tairi la nyuma, na alama ardhini mbele ya kila moja. Mama aliachia breki huku akilitaja jina la Yesu. Gari likateremka taratibu. Alama ya mbele ikapanda, ikazunguka, ikashuka, ikagusa ardhi. Nikapiga kelele, "Shika!"

Alama ya nyuma ilikuwa bado haijafika. Ilibaki hewani, imebakiza upana wa kiganja changu.

Nilipima kwa kamba. Mbele, mzunguko mmoja ni sentimita mia mbili thelathini na sita. Nyuma, mia mbili arobaini na sita. Nikagawanya, kisha nikagawanya mia moja arobaini na nne kwa mia moja thelathini na nane. Majibu yanakaribiana mno.

Fowili inafunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke sawa. Lakini haya hayawezi kuzunguka sawa, kwa sababu kila mzunguko la nyuma linataka kwenda mbele zaidi kwa sentimita kumi. Kwenye tope yanateleza, hakuna shida. Kwenye barabara ngumu hayana pa kuteleza, kwa hiyo yanavutana, yanakaza vyuma vilivyo katikati, mpaka kimoja kinakatika. Ukirudi nyuma, unafungua ulichokikaza.

Masele aliliona hili siku ya kwanza, amechuchumaa, kwa kidole.

Jumatatu, 4 Novemba

Baada ya shule nilikwenda Igoma. Gereji ya Luhende iko nyuma ya wauza mbao. Yeye ni mnene, anaongea amelala chini ya gari.

"Wewe ndiye karani? Masele kakutaja. Kasema unaandika kila kitu."

Nilitamani ardhi inimeze. "Alikuja kufanya nini?"

"Kutafuta ugonjwa. Mara ya kwanza nikainua gari, magurudumu yote manne hewani, nikahesabu mizunguko ya propela, mbele na nyuma. Difu zote mbili sawasawa, hata nati hazijawahi kuguswa. Nikamwambia, kaka, ni matairi. Akasema tafuta tena. Wiki iliyofuata akaja, tafuta tena. Nikamwambia, wewe Masele una wazimu? Unataka nikutafutie ugonjwa ambao haupo?"

"Akasemaje?"

Luhende alijitokeza kutoka chini ya gari ili anitazame vizuri. "Akasema, matairi ni zawadi ya kaka yake bosi, yameombewa. Mimi Msukuma, mtu wa kuajiriwa, nikasimame katikati ya watu na kaka yao? Akasema, Luhende, naomba iwe difu."

Jumanne, 5 Novemba

Nimempa Baba karatasi yenye hesabu. Maneno yalinikauka, lakini karatasi haikauki.

Aliisoma yote. Akarudia kusoma. Kisha akaikunja mara nne na kuiweka katika mfuko wa shati.

"Umemwonyesha nani?"

"Mama anajua."

"Usimwambie mtu mwingine." Alitazama nje, kwenye gari. "Kaka aliuza ng'ombe wake kwa ajili ya yale matairi. Nimwambie nini? Kwamba yamenivunjia gari?"

"Na anko Masele?"

"Masele tutaona."

Siku zote nimeandika humu nikimtilia shaka mtu mmoja. Leo sijui niandike nini. Baba anajua. Baba anajua, na bado Jumatatu ni polisi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya mawe. Sikusoma chochote.

Jumapili, 10 Novemba

Baba mkubwa alifika Ijumaa na samaki wakavu na maneno mengi. Leo saa nne aliketi kibarazani na Baba. Masele aliingia getini, mikono mitupu, amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo mzee," alimwambia Baba mkubwa. "Bosi."

"Umeleta?" Baba akauliza, na nilisikia kwamba sauti haikutaka jibu.

"Sina cha kuleta, bosi."

"Huyu ndiye aliyekuibia?" Baba mkubwa akauliza. "Huyu aliyefunga matairi yangu?"

Baba alishika mfuko wa shati lake, ule wenye karatasi, kama mtu anayeumwa kifua.

Nilikuwa mlangoni na chaki mkononi. Miguu yangu ilikwenda kabla yangu.

"Baba mkubwa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto wa chekechea. "Mwalimu ametupa zoezi la fizikia. Linahitaji mtu mzima wa kushika breki. Naomba unisaidie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, tafadhali."

Baba akasema, "Amondi." Jina langu tu. Lakini Baba mkubwa anapenda kuombwa msaada. Aliinuka, akaingia kwenye gari.

Nilichora alama mbele, nikachora nyuma. Gari likateremka. Alama ya mbele ikarudi chini. "Shika, Baba mkubwa. Sasa shuka, tazama."

Alishuka. Alitazama la mbele. Alitazama la nyuma, alama ikiwa hewani. Akainama, akaweka kiganja kwenye lile pengo. Mvua ya rasharasha ilianza na hakuna aliyesogea.

"Niliyachukua makubwa makusudi," akasema hatimaye. "Muuzaji alikuwa na ya saizi yenu. Nikamwambia hapana, nipe makubwa, omera, mdogo wangu, apite juu ya maji." Akamgeukia Masele. "Wewe uliona siku ile. Nilikuona umechuchumaa."

"Niliona, mzee."

"Ukanyamaza."

"Ilikuwa zawadi, mzee. Mimi nilikuwa dereva tu."

Baba mkubwa alimgeukia Baba sasa. "Na wewe, Otuoma? Ulijua?"

Baba alitoa karatasi mfukoni, akamkabidhi bila kuifungua. Baba mkubwa aliifungua, akatambua mwandiko wangu, akatazama tarehe juu yake. Aliisoma tarehe kwa sauti. "Tano Novemba. Siku tano." Kisha akacheka, kicheko kikavu, akapangusa uso. "Yaani mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo, hadi mtu mwingine afungwe?"

Baba akasema kitu kwa Kijaluo, polepole, uso chini. Sijakiandika. Kisha akatembea hadi kwa Masele, kwenye rasharasha, akamwomba radhi kwa Kiswahili ili sote tusikie.

Lakini mimi sikuwa nimemaliza. "Anko Masele. Daftari nililiacha wazi mimi. Makusudi."

"Najua, karani," akasema. "Hakuna mwingine anayeandika kilomita."

Ijumaa, 22 Novemba

Matairi yamebadilishwa. Manne, saizi moja. Yale makubwa Baba mkubwa amerudi nayo Utegi, kuyafunga kwenye trela lake. Propela mpya imefungwa na Luhende. Masele amerudi kazini.

144.

Ijumaa, 29 Novemba

144. Gari likiingia tu, kabla sijakaribia, Masele anashusha kioo na kuzisoma namba kwa sauti, moja moja, kama anayeapa. "Andika, karani." Kisha anaweka funguo mezani mbele ya Mama. Kesho atakuja kuosha gari bila funguo. Amesema hataki kuzishika siku ya Sabato tena.

Mama anasema atazoea. Sidhani.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Mvua imepungua.

Jua likikaribia kuzama nilichukua funguo mezani, nikamfuata Masele getini. Nilizinyoosha. Hakuzipokea.

"Umesoma namba?" akauliza.

"Sijasoma."

"Kasome kwanza. Kesho ukirudi uikute ileile."

"Anko, sitasoma."

Mkono wangu ulianza kuchoka. Kisha akazichukua funguo, akazitia mfukoni, akafunga geti vizuri.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumerudi kanisani saa tisa. Gari liko mahali pake, limeoshwa. Nimepita pembeni ya kioo chake nikaingia ndani.